Kompyuta Ikikataa Kuwaka, Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu, si kutengeneza mashine. Lakini mtaani tofauti hiyo haipo. Ukishajulikana kuwa wewe ni "mtu wa kompyuta", basi printa ya jirani ni yako, simu ya shangazi ni yako, na mashine yoyote inayokataa kuwaka ni yako pia. Nimepigiwa simu za aina hiyo kwa miaka mingi, na karibu zote huanza kwa neno moja: "imekufa".

Leo nataka tuliangalie neno hilo. Mara nyingi mashine inayosemwa imekufa haijafa. Imekwama mahali fulani njiani, na mahali hapo panajulikana ukijua pa kutazama. Kubwa zaidi ni hili: mfumo wa uendeshaji kukataa kuanza ni jambo moja, na mafaili yako kupotea ni jambo lingine kabisa. Watu huyachanganya mambo haya mawili, na katika kuchanganya huko ndipo kazi ya miaka hufutwa mchana kweupe, na aliyeifuta akalipwa.

Tuanze na safari yenyewe.

Kutoka kitufe hadi skrini

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, hakuna Windows wala Linux inayoanza hapo hapo. Ni kama mbio za kupokezana kijiti. Kila mkimbiaji ana kipande chake, na akimaliza anamkabidhi mwenzake.

Mkimbiaji wa kwanza ni programu ndogo iliyo ndani ya chipu kwenye ubao mkuu. Katika mashine za zamani inaitwa BIOS, na katika mashine za miaka ya karibuni ni UEFI, ingawa mafundi wengi bado huziita zote BIOS. Huyu anaangalia kama kumbukumbu ya RAM ipo, kama kibodi ipo, kama kuna diski, kisha anaitafuta diski yenye mfumo wa kuanzisha.

Mkimbiaji wa pili anakaa kwenye diski. Katika mashine za BIOS anaanzia kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski, inayoitwa MBR. Sekta hiyo ina baiti 512 tu. Baiti 446 ni za programu ya kuanzishia, 64 ni jedwali linaloeleza diski imegawanywa vipi, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha kuwa sekta ni halali. Utaratibu huu ulikuja mwaka 1983 pamoja na toleo la pili la DOS, na kuna kompyuta maofisini kwetu ambazo bado zinautumia. Katika mashine za UEFI, badala ya sekta hiyo kuna patisheni ndogo iliyotengwa, ya mtindo wa FAT32, ambamo kila mfumo wa uendeshaji unaweka faili lake la kuanzia.

Mkimbiaji wa tatu ni kiini cha mfumo wenyewe. Hapa ndipo Windows au Linux inapopakiwa kwenye RAM pamoja na madereva ya vifaa, yaani programu ndogo zinazojua kuongea na diski, skrini na kadhalika. Wa nne ni huduma zote zinazokuja baadaye: mtandao, sauti, ukurasa wa kuandika neno la siri, na mwisho picha yako ya nyuma ya skrini.

Kwa nini nimeeleza yote haya? Kwa sababu kila mkimbiaji akianguka, kompyuta inaonyesha sura tofauti. Hebu tuziangalie.

1. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna chochote. Hapa tatizo ni la umeme: soketi, kebo, chaja au pawasaplai. Mfumo wako haujaguswa hata kidogo.

2. Feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi, au mashine inalia pi-pi-pi. Mkimbiaji wa kwanza amekwama. Mara nyingi ni RAM imelegea au imeshika vumbi. Zima, chomoa umeme, itoe, isafishe, irudishe vizuri. Mafaili yako bado yapo salama.

3. Nembo ya kampuni inatokea, halafu maneno meupe kwenye skrini nyeusi kwamba hakuna kifaa cha kuanzia, "No bootable device" au maneno yanayofanana na hayo. Kijiti kimeanguka kati ya mkimbiaji wa kwanza na wa pili. Kabla ya kuogopa, chomoa flashi yoyote iliyobaki nyuma ya mashine. Usicheke. Nimeshalitatua tatizo hili kwa simu zaidi ya mara moja kwa kuuliza tu, "Hebu angalia hapo nyuma, kuna flashi?"

4. Nembo ya Windows inatokea, inazunguka, halafu skrini ya bluu, au inasema inajiandaa kujirekebisha, halafu inarudi mwanzo, tena na tena. Mkimbiaji wa tatu ameanguka. Linaweza kuwa sasisho lililokatika katikati, dereva mbovu, faili lililoharibika, au diski inayoanza kuchoka.

5. Unafika hadi kuandika neno la siri, halafu skrini inabaki nyeusi na mshale wa kipanya tu. Huyo ni mkimbiaji wa nne. Mfumo umewaka, kinachosumbua ni kitu kinachojianzisha chenyewe baada ya wewe kuingia.

Umeona? Katika sura zote tano, hakuna hata moja inayosema "mafaili yako yamepotea".

Kuna sura ya sita ambayo kwetu ni ya kawaida, kwa sababu ya mashine nyingi tunazonunua za ex-UK. Kwenye ubao mkuu kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, aina ya CR2032. Ikiisha, saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka mingi na mipangilio ya BIOS inarudi ya kiwandani. Kati ya mipangilio hiyo kuna namna ya kuongea na diski, AHCI au RAID. Ikibadilika tofauti na ile iliyokuwepo Windows ilipowekwa, Windows inashindwa kuiona diski yake yenyewe na inatoa skrini ya bluu. Mtu anapiga Windows upya, inawaka, na baada ya wiki moja stima inapotea, mipangilio inaruka tena, tatizo linarudi. Kumbe kilichohitajika ni betri mpya na kurudisha mpangilio mmoja.

Simu kutoka Likoni

Sasa niwape kisa. Mwaka 2023 alinipigia mwalimu wangu wa zamani, amestaafu, anakaa Likoni. Yeye ndiye katibu wa chama cha akiba na mikopo cha hapo mtaani. Kila mwezi anaingiza michango ya wanachama kwenye kompyuta ya mezani aliyoachiwa na mwanawe.

"Kijana wangu, ile mashine imekufa."

"Shikamoo Mwalimu. Pole. Inaonyesha nini?"

"Marahaba. Inasema inajirekebisha, inajirekebisha, halafu inarudi pale pale. Tangu stima ilipopotea jana usiku. Lakini nimeshapata fundi, yuko hapa. Anasema Windows imeharibika, ataipiga upya kwa elfu moja na mia tano."

"Ameshaanza?"

"Bado. Anangoja nimtumie pesa."

"Mwalimu, mwambie asubiri. Muulize kwanza, yale mafaili ya chama yataenda wapi?"

Nikasikia akiuliza. Jibu lilikuwa la kweli na la haraka: diski itafutwa yote, mzee, hii haina njia nyingine.

Mwalimu akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua. Daftari la karatasi lilisimama mwaka 2014. Tangu hapo kila kitu kilikuwa kwenye kompyuta: michango, mikopo, nani amelipa, nani anadaiwa. Mkutano wa mwaka ulikuwa Jumapili, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Katika mkutano huo kulikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa anafuatilia hisa za marehemu mumewe. Baadhi ya wanachama walikuwa wakisema marehemu alikufa akiwa na deni, si akiba. Maandishi pekee ya kuamua jambo hilo yalikuwa ndani ya mashine ile.

"Nakala iko kwenye flashi?" niliuliza.

"Ya mwaka juzi. Na flashi yenyewe haisomi."

Nikamwambia azime mashine kwa ukuta, asiiwashe tena, nami nikavuka feri jioni ile.

Fundi yule, niseme wazi, hakuwa mwizi wala hakuwa mjinga. Alikuwa bado yupo nilipofika, na tulifanya kazi pamoja. Yeye alikuwa amejibu swali aliloulizwa. Mteja alisema, "nataka iwake", na njia ya haraka ya kufanya iwake ni kupiga mfumo upya. Hakuna aliyemwambia, "nataka kilichomo ndani". Haya ni maombi mawili tofauti. Ukimpelekea fundi la kwanza huku moyoni una la pili, usishangae ukiletewa mashine safi inayowaka vizuri na haina kitu.

Kwanza okoa, halafu tengeneza

Nilikuwa na vitu viwili kwenye mkoba. Cha kwanza ni flashi yenye SystemRescue, mfumo mdogo wa Linux uliotengenezwa kwa kazi hii hasa. Unaanza kutoka kwenye flashi yenyewe bila kuigusa diski ya kompyuta. Cha pili ni diski ya nje ya terabaiti 1 ikiwa tupu.

Tuliwasha mashine, tukaingia BIOS, tukaona diski ya gigabaiti 500 inatajwa kwa jina lake. Hiyo ni habari njema. Diski isiyotajwa kabisa, au inayotoa mlio wa tik-tik-tik, ni ya kuzimwa mara moja na kupelekwa kwa wataalamu wa kufungua diski, na hiyo ni kazi ya gharama. Yetu ilikuwa kimya.

Tukaanzisha flashi. Kabla ya kunakili chochote niliiuliza diski hali yake kwa programu ya smartctl. Diski nyingi huwa zinajiandikia kumbukumbu za afya zao ndani kwa ndani, mpango unaoitwa SMART. Nambari ya kuangalia kwanza ni ile ya Current_Pending_Sector, yaani sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijajua izifanye nini. Katika diski nzima nambari hiyo huwa sifuri. Hapa haikuwa sifuri.

Basi jibu likapatikana. Windows haikuwa imeharibika yenyewe. Diski ndiyo iliyokuwa inachoka, na stima kukatika kuliifikisha ukingoni. Na hapa nataka msomaji unisikilize vizuri, kwa sababu ushauri unaotolewa zaidi duniani ni "endesha chkdsk". Chkdsk ni programu nzuri kwa diski nzima iliyovurugika mpangilio. Kwa diski inayokufa ni hatari. Inaisomesha diski kwa nguvu kutoka mwanzo hadi mwisho, tena inaandika mabadiliko juu yake, na inaweza kuondoa kumbukumbu za mafaili ambayo bado yangeokoka. Vivyo hivyo na kule kujirekebisha kwa Windows kunakorudiarudia. Kila mzunguko ni mzigo mwingine juu ya mgonjwa. Mgonjwa mahututi humkimbizi uwanjani ili kumpima.

Kinachotakiwa ni kuisoma diski mara moja, kwa upole, na kuweka nakala yake nzima mahali pengine. Programu ya kazi hiyo ni GNU ddrescue. Tofauti yake na kunakili kwa kawaida ni kwamba haing'ang'anii. Ikikuta sehemu mbovu, inairuka, inaendelea kuchukua sehemu nzima zote kwanza, halafu ndipo inarudi kuzibembeleza zile mbovu. Amri zenyewe ni hizi:

ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map
ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map

Ya kwanza inachota vilivyo rahisi. Ya pili inarudia yaliyokataa, mara tatu. Kabla ya yote andika lsblk uone diski ipi ni sda na ipi ni ya nje, maana ukigeuza majina utamwaga maji kwenye mtungi uliojaa. Diski ya nje isiwe ya mtindo wa FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofikia gigabaiti 4, na hapa faili letu moja ni la ukubwa wa diski nzima.

Lile faili la tatu, diski.map, ni ramani. Ndani yake ddrescue inaandika imefika wapi, imepata nini na imekosa nini. Lazima liwe kwenye diski ya nje, si kwenye kumbukumbu ya flashi inayofutika mashine ikizimwa. Sababu yake tuliiona usiku ule ule.

Mashine ilikuwa ya zamani, ya USB 2.0, kwa hiyo mwendo ulikuwa kama megabaiti 30 kwa sekunde. Gigabaiti 500 kwa mwendo huo ni saa nne na nusu hivi, kama hakuna kikwazo. Tulianza saa mbili usiku. Mke wa Mwalimu akatuletea chai na mahamri. Saa tano na kitu, stima ikapotea mtaa mzima.

Mwalimu hakusema neno. Fundi akawasha tochi ya simu. Wasiwasi wetu haukuwa juu ya kazi iliyofanyika, maana ile ilikuwa salama kwenye diski ya nje. Wasiwasi ulikuwa kama diski mgonjwa itakubali kuzunguka tena. Umeme ulirudi baada ya dakika arobaini. Tukasubiri kwanza utulie, tukawasha, diski ikaitika. Tukaandika amri ile ile na ddrescue ikasoma ramani yake na kuendelea pale pale ilipokuwa imeachia. Bila ramani, tungeanza upya kuisomesha diski ambayo kila saa ya kusomwa ni ya kuhesabu.

Alfajiri, baada ya kurudia sehemu mbovu, zilibaki kilobaiti 96 ambazo hazikusomeka. Kilobaiti 96, katika gigabaiti 500. Hiyo ndiyo "imekufa" yetu.

Diski mgonjwa tukaizima, haikuguswa tena. Nilifungua nakala, si diski yenyewe, kwa hali ya kusoma tu ili chochote kisibadilike. Folda ya Mwalimu ikafunguka. Kulikuwa na faili la kila mwaka kuanzia 2014. Tukalifungua la mwaka aliofariki yule mwanachama, na mstari wake ulikuwepo, mwezi kwa mwezi, hadi mwezi wa mwisho. Mkopo ulikuwa umelipwa wote miezi miwili kabla. Akiba ilikuwepo. Mwalimu alivaa miwani, akausoma mstari ule mara mbili kwa kidole, akasema tu, "Alhamdulillahi. Huyu mama alikuwa anasema kweli."

Kwa udadisi wangu nilitafuta zile sehemu mbovu ni za faili gani. Baadhi ziliangukia nafasi tupu. Nyingine ziliangukia ndani ya folda ya Windows, kwenye System32\config, faili linaloitwa SYSTEM. Hilo ni sehemu ya rejista ya Windows, na mkimbiaji wa tatu hawezi kuondoka bila kulisoma, kwa sababu ndani yake ndimo ilimoandikwa orodha ya madereva ya kupakia. Zamani kulikuwa na ujanja wa kurudisha nakala yake kutoka folda ya RegBack. Lakini kuanzia toleo la 1803 la Windows 10, lililotoka mwaka 2018, Windows iliacha kuweka nakala humo yenyewe. Basi uharibifu wa kilobaiti chache mahali pabaya ulitosha kuisimamisha mashine nzima, huku miaka tisa ya hesabu za watu ikiwa imekaa salama pembeni yake.

Ijumaa mchana Mwalimu alinunua diski mpya ya SSD, ndogo tu. Fundi yule yule akapiga Windows juu yake, akalipwa elfu moja na mia tano zake kwa haki. Mimi nikarudisha mafaili. Diski ya zamani ikawekwa kabatini na karatasi juu yake: USIFUTE.

Na kama diski ni nzima?

Kisa cha Mwalimu kilikuwa cha diski. Mara nyingi diski ni nzima na tatizo ni la programu tu. Hata hapo, mpango haubadiliki: washa kwa flashi ya Linux, nakili folda zako kwenye diski ya nje, hakikisha zinafunguka, ndipo uanze kurekebisha. Ukishakuwa na nakala, mkono hautetemeki.

Windows ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, kwa kawaida inafungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Fuata mpangilio huu, kutoka jambo dogo kwenda kubwa. Jaribu kwanza kurekebisha uanzishaji. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, ondoa sasisho la mwisho. Jaribu hali salama, ambayo hupakia madereva machache ya lazima. Jaribu kurudisha mfumo kwenye tarehe ya nyuma. Kama kilichoharibika ni mafaili ya kuanzishia, kwenye mashine ya UEFI amri ya bcdboot C:\Windows huyaandika upya, ukishahakikisha kuwa herufi C ndiyo kweli yenye Windows yako, maana katika ukurasa huo herufi huweza kubadilika.

Kwa wenzangu wa Linux, ukurasa wa GRUB una sehemu ya chaguo za ziada yenye viini vya zamani. Kama kiini kipya kimekataa, anza na cha zamani, mambo yataendelea wakati unatafuta chanzo. Angalia pia kama diski imejaa pomoni. Mfumo uliokosa hata nafasi ya kuandika kumbukumbu zake hugoma kufika kwenye ukurasa wa kuingia.

Kupiga upya liwe la mwisho. Hata hapo, soma unachobonyeza. Windows 10 na 11 zina njia ya kujiweka upya na kubakisha mafaili yako binafsi, na ina njia nyingine ya kufuta yote. Chaguo hizo mbili zinakaa pamoja, moja juu ya nyingine. Na kwenye SSD jihadhari zaidi. Katika diski za zamani za kuzunguka, kilichofutwa huweza kufukuliwa kwa programu kama TestDisk na PhotoRec mradi hakijaandikiwa juu. SSD huambiwa na mfumo kwamba nafasi fulani haina kazi tena, nayo huisafisha yenyewe. Kilichofutwa huko mara nyingi kimekwenda.

Ufunguo wa tarakimu 48

Kuna jambo moja ambalo miaka ya nyuma halikutusumbua. Kompyuta nyingi mpya za Windows huja na diski iliyofungwa kwa BitLocker, mara nyingine mwenyewe hujui kama imefungwa. Ni ulinzi mzuri mashine ikiibwa. Lakini siku ikikataa kuwaka, flashi yako ya Linux itaiona diski kama makelele matupu, na ukurasa wa matengenezo wa Windows utakuomba ufunguo wenye tarakimu 48. Bila ufunguo huo, hakuna fundi Luthuli Avenue wala mahali pengine atakayekufungulia.

Dunia ililiona hili tarehe 19 Julai 2024. Sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft: viwanja vya ndege, hospitali, benki. Dawa yake ilikuwa ndogo mno, kuingia hali salama na kufuta faili moja. Lakini mashine nyingi zilikuwa zimefungwa kwa BitLocker, na ilibidi watu wapite mashine moja moja wakiandika tarakimu zile. Mafaili ya watu hayakuwa yamepotea siku ile pia. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikia.

Fanya haya leo, mashine ikiwa nzima

Usingoje skrini nyeusi. Chukua saa moja jioni hii.

Kwanza, tafuta ufunguo wako wa BitLocker, kwenye akaunti yako ya Microsoft au kwenye mipangilio ya kompyuta, uandike kwenye karatasi na uiweke na vyeti vyako. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta ile ile inayofungwa.

Pili, tengeneza flashi ya kuokolea sasa, kwa sababu siku mashine ikigoma hutakuwa na mashine ya kuitengenezea. Gigabaiti 8 zinatosha. Andika humo SystemRescue au Linux Mint kwa programu kama Rufus, halafu ijaribu kweli: washa kompyuta yako kwayo uone inaanza.

Tatu, weka nakala ya yale ambayo ukiyapoteza utalia. Si nyimbo wala filamu, hizo zipo kila mahali. Ni hesabu, picha za familia, barua na kazi za watoto. Nakala moja kwenye diski ya nje, nyingine mbali na nyumba yako, hata kama ni kujitumia kwa barua pepe. Kisha fungua faili moja kutoka kwenye nakala hiyo. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Nne, ikibidi umpelekee fundi mashine, mwambie sentensi moja kabla hajagusa kitu: "Ninataka kilichomo ndani kwanza, kuwaka baadaye." Mwandikie kwenye karatasi kama anasahau.

Haya jamani, kanunueni flashi. Tutaonana tena wiki ijayo, stima ikituruhusu.